Fundi Aliyeniachia Nyundo

Fundi hakuwahi kuamini mfuko wa saruji kwa maandishi yake. Aliukata kona kwa kisu kidogo, akaingiza mkono mpaka karibu na kiwiko, akafumba ngumi humo ndani na kutulia. Saruji nzima ina ubaridi wake, alisema, na ile iliyolala ghalani ikanywa unyevu ina vitonge. Nilimwona kwa macho yangu akirudisha mifuko sita kwenye duka moja pale Nachingwea mjini. Mwenye duka aliapa kwa kila kitu kitakatifu alichokijua. Fundi akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho, akapangusa mkono kwenye suruali, akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Ila mkono umekataa."

Nilimwita Fundi tangu siku ya kwanza na sitabadili leo. Palikuwa na fundi baiskeli, fundi cherehani, fundi umeme, na kila mmoja alihitaji neno la pili ili ajulikane. Yeye alikuwa Fundi tu, kuanzia Nachingwea hadi vijiji vya Ruangwa, na watu walijua unamtaja nani. Nasema "walijua" kwa sababu baadaye jina hilo lilipungua uzito, na mkono mmoja kati ya iliyolipunguza ulikuwa wangu.

Mchanga aliutia kwenye chupa ya maji, akautikisa, akaiweka chupa kivulini na kwenda kuvuta sigara yake, moja tu kwa siku. Akirudi akakuta tope limekaa juu ya mchanga kwa unene unaozidi kidole, lori lilirudi lilikotoka. Maji ya kuchanganyia zege aliyaonja. Kokoto alizigonganisha karibu na sikio. Chai ya kwenye nyumba za watu aliinusa kabla ya kunywa, hata nyumbani kwa padri, na padri hakumzoea mpaka anahamishwa.

Usidhani alikuwa mtu mkali. Alikuwa mpole, mwenye sauti ndogo, na shaka yake aliitoa kama mtu anavyotoa pole. Siku aliyoniona naona haya kuhesabu matofali mbele yake, alinikalisha juu ya ndoo.

"Bwana Mifugo," akasema, maana ndivyo alivyoniita miaka yote, "hesabu. Mtu ukimwamini kazini umemdharau. Umeona hana hata akili ya kuiba."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Lakini ukishuku, upime. Ukishuku usipime, huo sasa ni umbea."

Neno la kwanza nililishika palepale kwa sababu lilinifaa. La pili nililisikia kwa sikio moja. Mimi ni mtu wa Makete, nimeletwa kusini na barua ya uhamisho, na mtumishi aliyeletwa na barua hushuku bila kufundishwa. Wenyeji wakiongea Kimwera wakacheka, nilijua ni mimi. Mwenye nyumba akinijia asubuhi na mihogo ya kuchemsha, nilijiuliza anataka nini kabla sijasema ahsante. Niliona fahari kwamba sidanganyiki, na nilipomwona mzee mwenye tabia hiyohiyo nikadhani nimepata ndugu.

Alikuwa na kinyume chake pia. Mtu aliyenusa chai ya padri alikunywa maji ya kijito chochote kwa kiganja. Nyumba yake ya Nandagala haikuwa na kufuli. Mlango ulifungwa kwa kamba ya katani, tena kwa ajili ya mbuzi. Nilipomuuliza akasema wezi wa Nandagala anawafahamu wote na hakuna mwenye haja na mwiko wa zamani. Hakuvaa saa, lakini muda aliupima kwa rozari, na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza sala ikitumika kama chombo cha kazi.

Jambo hilo lilitokea tulipokuwa tunachagua kitu cha kuweka chini ya sakafu ya vifaranga.

Sista aliyesimamia mradi wa kuku wa misheni alikuwa amechoka kuzika vifaranga. Banda lake la kwanza lilipashwa joto kwa majiko ya mkaa. Jiko moja likapinduka, tukapoteza banda. La pili likanusurika na moto, lakini moshi ukaua waliokuwemo. Nikamweleza jambo nililojifunza kwenye mafunzo nyanda za juu: unalaza mabomba ya plastiki ndani ya zege, unazungusha humo maji ya moto, sakafu nzima inakuwa na joto la mwili na kifaranga analala kana kwamba yupo chini ya mama yake. Maji tungeyachemsha kwa pipa linalochochewa na maganda ya korosho, ambayo huku kusini hutupwa kwa malori. Sista akakubali siku hiyohiyo. Akina mama wa vigango vyote walikuwa wanasubiri vifaranga wake, na nilijua nikishindwa nitakuwa kichekesho mpaka nistaafu.

Kicheko kilianza mapema. Kupasha sakafu joto, Nachingwea, ambako watu hulala wameitupa shuka chini. Walisema mtu wa baridi kaja na baridi yake kichwani. Fundi ndiye pekee ambaye hakucheka. Aliuliza, "Kifaranga analala wapi?" Nikasema chini. "Basi anayecheka alale chini uchi mwezi wa saba, asubuhi atueleze." Akauliza swali la pili, ambalo mimi nilitegemea kumfundisha mwenyewe: joto hilo litazuiwa na nini lisiende ardhini? Kwa maana ardhi ni kubwa, alisema, ukianza kuipasha joto hutaimaliza.

Alitaka kila kinachopendekezwa kiletwe kikiwa kipande mkononi. Mtu mmoja akapendekeza pumba za mpunga kwenye magunia. Fundi akalowesha kiganja cha pumba, akakiacha siku tatu, akaniita ninuse. Sista alikuwa na mapovu meupe yaliyokuja na friji ya zahanati. Mimi nilikuwa na sampuli kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam, bodi ya povu gumu la rangi ya samawati, nzito kidogo, iliyokatwa safi.

Akalaza kipande cha povu la friji juu ya jiwe bapa. Akajitwisha mfuko wa saruji begani, akapanda juu yake kwa kisigino kimoja, akashika ukuta kwa kidole na kuanza fumbo la rozari. Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi, kwa mwendo wa kanisani, bila kuharakisha. Aliposhuka, shimo la kisigino lilimeza kichwa cha njiti ya kiberiti aliyopimia. Akafanya vilevile kwa bodi ya samawati, na njiti ikabaki juu. Kisha akaizamisha bodi kwenye ndoo ya maji chini ya jiwe, akaja kuikata kesho yake. Ndani ilikuwa kavu.

"Hii imekubali," akasema. "Ila haijaulizwa swali la mchwa."

Nikamwambia povu si chakula cha mchwa. Akaniambia alipojenga nyumba ya mwalimu huko Kilimarondo aliacha ndala zake chini siku mbili, akazikuta zimetobolewa soli. Nikamuuliza kama mchwa wa Kilimarondo wanakula plastiki.

"Hawali. Wanapita. Mchwa anatafuta njia, Bwana Mifugo, si kila anachotoboa anakila."

Alitaka ardhi yote chini ya kokoto inyweshwe mafuta meusi ya maganda ya korosho, yale ambayo watu wa huku hupaka nguzo za nyumba. Alionyesha kona ya magharibi ya kiwanja, ambapo kichuguu kilikuwa kimesawazishwa kwa jembe kabla hatujafika. Kichuguu hakifi kwa kukatwa kichwa, alisema. Nikasema nitafikiri. Nilichofanya ni kupeleleza. Nikagundua kwamba shemeji yake wa Ruangwa mjini ana mapipa mawili ya mafuta hayo nyuma ya nyumba, na anauza. Nikajiambia: kumbe. Nikarudi na kumwambia mafuta hayo yanababua vidole vya akina mama wabanguaji, yatakula mabomba yangu, sitaki tone moja. Alinieleza kwamba yangekaa chini ya kokoto, chini ya mchanga, chini ya nailoni nzito, wala yasingegusa bomba. Nilishajua sababu yake, kwa hiyo sikuhitaji maelezo. Fundi akasema sawa, mwenye kazi ni wewe.

Bodi zilifika arobaini. Nikaziandika namba kwa kalamu nyeusi ya makapeni, kila moja kwenye kona, moja hadi arobaini, na nane yangu ina mkia mrefu ambao hakuna anayeuiga. Fundi aliliona hilo akafurahi kweli. "Sasa tunafanya kazi," akasema. Akazipanga kuanzia mlangoni, viungo vikipishana kama matofali ya ukutani, na vipande vyembamba vikisimama kuzunguka kuta ili joto lisitorokee pembeni. Mimi nikakaa mlangoni juu ya kigoda, kalamu mkononi, natia alama. Tulikaa hivyo asubuhi nzima, mimi nikimchunga naye akiona raha ya kuchungwa.

Namba thelathini na saba ilipolazwa, simu ikalia. Kuku walikuwa wanakufa kijiji cha jirani, na wenyewe walidhani ni kideri. Nikapanda pikipiki. Niliporudi alasiri, wavu wa chuma na mabomba vilikuwa vimeshafungwa, na zege lilikuwa limeanza kumwagwa kutokea kona ya magharibi kuja mlangoni. Fundi alitaka limwagwe lote siku moja bila kiungo. Kona ilikuwa imeshafunikwa.

"Sikuziona tatu za mwisho," nikasema.

"Ulikuwa kwa kuku wako. Saruji haisubiri chanjo."

Jioni akifunga vitu vyake kwenye baiskeli, niliona gunia limefungwa nyuma ya kiti, limevimba, na chembe za samawati zimeng'ang'ania katani yake. Ningeweza kusema, Fundi, fungua gunia. Angelifungua. Leo naamini alichelewa makusudi pale, akijaza upepo tairi lililokuwa limejaa, akisubiri niseme. Nikamuaga kwa heri nyingi na kwenda zangu na lile gunia kichwani mwangu.

Sakafu ilifanya kazi. Nataka hilo lijulikane. Msimu wa kwanza vifaranga walikua kwa namna ambayo Sista aliniita nije nitazame tu, bila shida yoyote. Msimu wa pili, mwezi wa saba, kona ya magharibi ikapoa. Vifaranga waliikimbia, wakarundikana upande wa pili, wakapandana, na asubuhi moja tukaokota ndoo nzima ya waliokosa hewa. Sista alisimama na ile ndoo mkononi. Aliniuliza taratibu, "Bwana Mifugo, kona hii ina nini?"

Nilikuwa na majibu kadhaa. Ningesema sijui. Ningesema Fundi alitaka kuweka dawa ya mchwa nikamkatalia. Nikasema, "Sista, zile bodi tatu za mwisho sikuziona zikilazwa."

Sikusema ameiba. Nimejitetea kwa sentensi hiyo miaka yote, kwamba kila neno lake lilikuwa la kweli, na ndivyo lilivyokuwa. Niliipanga vizuri. Sista akanitazama, akaitazama kona, akatikisa kichwa kwa masikitiko, na kuanzia mwezi ule kazi za misheni akapewa mtu mwingine. Sentensi ile ilitoka pale ikaenda sokoni, na ilipofika Ruangwa ilikuwa na gunia, baiskeli, na nyumba nzima iliyojengwa kwa bodi za watawa. Lile la gunia najua lilitoka wapi. Nilimwambia mtu mmoja tu.

Fundi alikuja ofisini kwangu. Hakuketi. Alikuwa na nyundo ya kubomolea, ile ya mpini mrefu.

"Twende tukabomoe," akasema.

Nikamwambia vifaranga wapya wameingia jana, tungoje watoke. Akasema sawa. Wakatoka, akaja tena na nyundo yake, nikamwambia Sista amesafiri. Mara ya tatu nilikuwa na ripoti ya wilaya. Akaniangalia kwa muda, macho yaleyale aliyoyatumia kwenye ile chupa ya mchanga. Kisha akaisimamisha nyundo nyuma ya mlango wa ofisi.

"Naiacha kwako. Siku ukitaka kujua, usinisubiri."

Ikakaa pale miaka minne. Mfagiaji aliizunguka kwa ufagio. Wageni waliuliza, nikasema ni ya fundi fulani. Kila nilipofunga mlango niliiona, na kila nilipoiona nilijipa sababu: kubomoa ni hasara, mradi si wangu, ya nini kufukua yaliyopita. Usiku sikukosa usingizi, nisidanganye. Mtu anaweza kuishi vizuri kabisa na jambo la namna ile nyuma ya mlango. Nilihamishiwa Ruangwa nikaibeba pamoja na mafaili, nikaisimamisha nyuma ya mlango mwingine.

Nilikuwa nakutana naye. Alinisalimia kwanza kila mara ingawa ni mkubwa kwangu, akaniuliza kuku wanaendeleaje. Mtu aliponiambia kwamba siku hizi Fundi anasakafia makaburi tu, huko Mandawa na vijiji vya jirani, nilisema makaburi nayo ni kazi. Moyoni nikasema: angekuwa safi angepigana. Niliushika upole wake nikaufanya ushahidi.

Mwaka huu bomba likapasuka. Maji yalitokeza kona ileile ya magharibi, Sista akanipigia simu kwa sababu mchoro ulikuwa wangu, nikapanda basi kwenda Nachingwea. Vijana wawili wakaja na nyundo zao na tindo. Zege likainuliwa vipande vipande, wavu ukakatwa, na chini yake, ndani ya tope, nikaona rangi ya samawati.

Nilipiga magoti mwenyewe. Nikafuta kwa kiganja. Thelathini na nane, na nane yenye mkia. Pembeni yake thelathini na tisa. Ukutani, imekatwa kidogo kufuata kona kwa ustadi ambao ungetosha kuwekwa dukani, arobaini. Nikaiinua ile ya kwanza ikakunjika mkononi. Juu ilikuwa nzima, lakini ndani ilikuwa imeliwa kama mkate uliotobolewa na panya, njia juu ya njia, zote zimejazwa udongo mwekundu uliolowa. Mchwa walikuwa wametoka chini, kwenye kichuguu kilichokatwa kichwa, wakatoboa nailoni, wakapita. Bodi zimebonyea, udongo umekaa mahali pa povu, na joto likapata njia ya kwenda ardhini.

Sista alisimama juu yangu. Alisoma namba zote tatu kwa sauti, kisha akasema, "Mungu atusamehe," na nilimshukuru kwa ule wingi ambao sikuustahili.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Nandagala. Nilibeba nyundo, na kipande cha thelathini na nane nimekifunga kwenye gazeti. Kamba ya katani ilikuwa palepale mlangoni. Mkewe alikuwa uani anapepeta ufuta, amekaa chini, na alipoinuka kidogo kuitikia shikamoo yangu niliona alichokalia. Kipande cha bodi ya samawati, kimechakaa, kimepauka pembeni.

Nilikuwa nimekuja kuomba radhi. Bodi zote arobaini nilikuwa nimeziona kwa macho yangu. Bado jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye kona ya kile kipande kutafuta namba.

Yule mama aliliona. Akaweka ungo pembeni, akasimama kwa kushika kiuno, akakigeuza kile kipande kwa mikono miwili. "Tazama na chini yake, mwanangu," akasema. "Ni yale mabaki ya kukatia. Alinishonea vipande vitatu kwa waya, sababu ya nyonga." Hakukuwa na namba. Kulikuwa na waya na alama za msumeno. Akakirudisha chini, akakikalia, akaendelea na ufuta. Nilitamani ardhi ile ya mchwa inimeze.

Fundi alitoka nyuma ya nyumba ananawa mikono. Alikuwa amekonda. Alinipa kiti, akakaa juu ya ndoo.

"Nimeleta nyundo yako," nikasema. "Tulibomoa, Fundi. Bodi zako zote zilikuwepo. Ni mchwa, kama ulivyosema."

Nikafungua gazeti. Hakukitazama kile kipande. Aliipokea nyundo, akaigeuza juani, akapitisha kidole gumba kwenye uso wake. Kulikuwa na kutu nzima, nyekundu, na uzi wa buibui kwenye shingo ya mpini.

"Hii haijagusa zege," akasema.

"Vijana walikuja na zao."

"Nani aliwaita?"

Hapo ningeweza kusema mimi. Sista alikuwa Nachingwea, vijana wamelipwa wameondoka, na hakuna nyundo duniani ambayo ingenisuta.

"Bomba lilipasuka," nikasema. "Tuliwaita kwa sababu ya maji."

"Kwa hiyo hukubomoa. Imebomoka."

"Imebomoka."

Akaitikia kwa kichwa, kama alivyofanya tope la kwenye chupa lilipokaa pale alipolitarajia. Nikamwambia anisamehe. Nilisema nilimkosea, nilimharibia jina, na kwamba lile neno la gunia lilitoka kwangu. Ungo uliacha kusikika, kisha ukaendelea.

"Kushuku nilikufundisha mwenyewe," akasema. "Nyumbani hapa niliwaambia hivyo. Mama huyu alikuwa analia, nikamwambia ngoja, ana nyundo yule, atapima. Mwaka wa kwanza nikawa nasema atapima. Mwaka wa pili nikawa nasakafia makaburi. Kaburini hakuna anayehesabu, Bwana Mifugo. Unaweka saruji nzuri, unaweka mbaya, mwenye nyumba hatoki kukuuliza." Akailaza nyundo magotini. "Nyundo nilikupa. Uliogopa kukuta hazipo?"

Nilikuwa na jibu la kistaarabu tayari mdomoni. Nikaliacha.

"Niliogopa kuzikuta," nikasema.

Mkewe alileta chai. Alimpa Fundi kwanza, naye akainusa kama kawaida, chai ya mkewe mwenyewe wa miaka yote hiyo, ndipo akanisogezea kikombe changu. Nikamwambia Sista anamwomba aje aitengeneze kona, na kwamba nimeshaagiza pipa la mafuta ya korosho kwa shemeji yake. Hilo lilimchekesha kidogo.

"Alhamisi," akasema. "Nitakuja Alhamisi. Lakini bodi utazipanga wewe. Mimi nitakaa mlangoni."

Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka tushikane, nikampa wangu. Akautoa taratibu na kuonyesha mfuko wa shati langu, ilipokuwa makapeni. Nikampa. Akafungua kifuniko, akaunusa wino, kisha akachora mstari kwenye kiganja chake mwenyewe kuona kama inaandika.